Kazi ya uvungu, toka mlio wa siwa hadi dawa ya sindano

Wageni wanaoingia Makumbusho ya Lamu husimama mbele ya siwa, yale mabaragumu ya zamani, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya Pate, wakasifu nakshi. Sisi wa fizikia tunavutiwa zaidi na ndani, palipo patupu. Nakshi hailii. Kinacholia ni hewa iliyofungiwa mle: mpulizaji hutetemesha midomo kwenye tundu la ubavuni, na uvungu hupokea mitetemo michache tu inayolingana na urefu wake, ukaikuza. Mingine yote hufa.

Nuru nayo ni mawimbi, ila mafupi mno. Ile tunayoiona kwa macho ina mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Ukiifungia kati ya vioo viwili vinavyotazamana, itakwenda na kurudi, na mawimbi yanayoenea sawasawa kati ya vioo hivyo ndiyo yatakayopata nguvu. Tarehe 16 Mei 1960, huko California, Theodore Maiman alichukua kijiti cha yakuti ya kutengenezwa, kilichopakwa fedha kwenye ncha zake mbili ili ziwe vioo, akakimulika kwa taa ya mmweko. Hiyo ndiyo leza ya kwanza. Picha unayotumiwa na jamaa aliyeko Ulaya, kabla haijafika mnarani na kushuka kwenye simu yako, imesafiri sehemu kubwa ya njia kama nuru ya leza ndani ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa.

Kwangu mimi, utamu wenyewe uko kwenye kupima. Chini ya kuba la kanisa kuu la St Paul's, London, mtu akinong'ona karibu na ukuta, mwenzake aliye upande wa pili humsikia. Mwaka 1910 Lord Rayleigh alieleza kwa hesabu namna sauti inavyoambaa na ukuta uliopinda badala ya kutawanyika. Nuru hufanya vivyo hivyo ndani ya kidonge cha kioo kidogo kuliko punje ya mchanga. Kwa kuwa inaugonga ukuta kwa ulalo, haipati pa kutokea. Huzunguka ukingoni maelfu kwa maelfu ya mara. Inapomaliza duara lazima wimbi likutane na mkia wake sawasawa, la sivyo hujifuta lenyewe. Kwa hiyo kidonge hukubali rangi fulani mahususi na kuzikataa nyingine.

Sasa kitu kikinata juu ya kidonge, hata kiwe kidogo namna gani, njia ya nuru hurefuka kidogo na rangi inayokubaliwa husogea. Mzunguko mmoja usingeonyesha lolote, lakini ile mizunguko yote hujumlisha tofauti hiyo mpaka ikapimika. Mwaka 2008 Frank Vollmer, Stephen Arnold na wenzao walionyesha kwamba kirusi kimoja cha mafua, kimoja tu, kinaweza kugunduliwa kwa njia hii. Msikitazamie chombo hicho katika zahanati za visiwani hivi karibuni, maana joto likibadilika kidogo rangi nayo husogea, na joto letu mnalijua. Kipimo cha LIGO cha Marekani nacho hutumia nuru inayokwenda na kurudi kati ya vioo, katika mikono yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja. Kwa njia hiyo, tarehe 14 Septemba 2015, kilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, yaliyotokana na kugongana kwa mashimo meusi mawili.

Kwenye tiba uvungu una kazi nyingine kabisa, nayo ni kuficha. Katika miaka ya 1960, Alec Bangham wa Uingereza aligundua kwamba mafuta ya aina ile ile inayojenga kuta za seli zetu, yakitiwa majini, hujikunja yenyewe yakawa vifuko vyenye maji ndani. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Vinavyobeba dawa mara nyingi huwa na upana wa nanomita 100 hivi. Inahitajika mia kadhaa kuvipanga safu moja kukatiza unywele.

Doksorubisini, dawa ya saratani, ina sifa mbaya ya kuudhuru moyo. Ikitiwa ndani ya liposomu, kifuko hakipenyi kwa urahisi mishipa ya moyo iliyobana, ila huweza kuvuja kupitia mishipa dhaifu ya uvimbe. Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo mwaka 1995. Madhara hayakwisha, yalihama: wagonjwa wengine huchubuka viganja na nyayo. Na ile hoja ya mishipa kuvuja imethibitika vizuri zaidi kwa panya kuliko kwa binadamu, kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake ya "nano" huenda moja kwa moja kwenye ugonjwa na kuacha pengine pote, muulize maswali.

Dawa iliyo karibu nasi zaidi ni amfoterisini B, ya kuvu na ya kalazar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu. Ile ya kawaida huumiza figo. Ya liposomu haiumizi sana hivyo, ingawa hapa dawa haikai uvunguni bali hujibana ndani ya ukuta wa kifuko. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini ulionyesha kuwa dozi moja kubwa, pamoja na vidonge vya siku 14, inatosha kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu inayowashika wenye VVU, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2022.

Ukuta huo wa mafuta ni dhaifu. Dawa ikishachanganywa haigandishwi, kwa hiyo ikivushwa kwa boti ndani ya kisanduku cha barafu, chupa isigusane na barafu yenyewe. Wala haichanganywi na dripu ya chumvi, kwa sababu hujitenga ikaganda vipande. Huyeyushwa kwa maji safi ya sindano, kisha ikapunguzwa makali kwa dripu ya glukosi.