Anayechekwa ni nani? Somo kutoka kwa Erma Bombeck

Nimehariri safu za vichekesho kwa miaka mingi, na mwandishi mpya akiniletea makala swali langu ni lile lile: humu anayechekwa ni nani? Akijibu "jirani" au "mama mkwe," namwambia kwanza akamsome Erma Bombeck.

Mama huyu wa Ohio, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1927, alianza safu yake mwaka 1964 katika gazeti dogo la vitongoji vya Dayton. Alikuwa na miaka 37 na watoto watatu. Meza yake ilikuwa ubao uliolazwa juu ya matofali chumbani. Malipo: dola 3 kwa makala. (Waandishi wangu wanaolalamika, mmesikia?) Mwaka uliofuata gazeti kubwa la mji likampa dola 50 kwa makala mbili kila wiki, na baada ya wiki chache tu safu ikawa inachapwa na magazeti 36. Baadaye yalifika 900 hivi.

Siri yake? Majarida ya enzi zile yalimwonyesha mama wa nyumbani akitabasamu huku sakafu inang'aa. Bombeck akajichora kama aliyezidiwa: nguo chafu zimemshinda, watoto wamemshinda, jiko nalo. Anashika kitu kidogo cha kweli, anakikuza sentensi baada ya sentensi, uso mkavu kabisa, kama anaandikisha maelezo polisi. Chumvi anaitia, lakini mboga ipo. Msomaji hasutwi, anajitambua.

Mwaka 1981 walijaribu kumhamishia kwenye tamthilia ya televisheni, ikafutwa baada ya vipindi vichache. Sishangai. Ucheshi wake ulikaa ndani ya sentensi, haukuhitaji waigizaji.

Wala asidhaniwe alikuwa mpole wa jikoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alizunguka nchi akipigania marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake haki sawa.

Tangu akiwa na miaka 20 alijua ana ugonjwa wa figo wa kurithi, na kwa miongo mingi wasomaji hawakujua. Alifariki Aprili 1996, wiki chache baada ya kupandikizwa figo. Kaburi lake Dayton limewekewa jiwe kubwa lililosafirishwa kutoka Arizona, alikohamia, lenye uzito wa tani 13 hivi. Angeandika yeye, naamini angeanzia kwenye nauli ya hilo jiwe.