Borobudur: hekalu lisiloingiwa ndani

Yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni madai yanayosikika juu ya hekalu hili; yanayofuata ni majibu yangu.

“Kila hekalu lina ukumbi wa ibada ndani.”

Wageni wa Borobudur, hekalu la Wabuddha katikati ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, hutafuta mlango. Haupo. Kati ya karne ya 8 na ya 9, enzi za watawala wa ukoo wa Sailendra, wajenzi walikivika kilima cha asili mawe ya volkano, ngazi juu ya ngazi, bila chokaa ya kuyagandisha. Muumini haingii, anapanda. Huanzia mashariki na kuzunguka kila ngazi jengo likiwa upande wake wa kulia, akipita kwenye njia nyembamba zenye kuta zilizochongwa visa vya maisha ya Buddha. Akifika kwenye majukwaa matatu ya duara kule juu, michongo inakoma ghafla na anga linafunguka. Hapo kuna stupa ndogo 72, yaani makuba ya mawe yenye umbo la kengele, yaliyotobolewa matundu, kila moja likiwa limejengwa kuzunguka sanamu ya Buddha aliyeketi. Kuba kubwa la kileleni halina tundu hata moja. Sijui jengo jingine linalomnyang'anya mtu picha ili kumfundisha.

“Raffles ndiye aliyeligundua.”

Thomas Stamford Raffles, gavana wa Waingereza huko Java, alisikia habari zake mwaka 1814. Alizisikia kwa nani, kama si kwa Wajava wenyewe? Akamtuma mhandisi Mholanzi, H. C. Cornelius, aliyekwenda na vibarua wapatao 200 kufyeka miti na kuondoa udongo. Lakini masimulizi ya Kijava yanamtaja mwasi aliyekimbilia kilima hicho mwaka 1709, na mwanamfalme wa Yogyakarta aliyekwenda kutazama sanamu zake katika karne hiyohiyo, kisha akafa. Watu wakasema ni nuksi ya mahali hapo. Waliopaogopa kiasi hicho hawakuwa wamepasahau.

Na hao “wagunduzi” hawakuwa walinzi wazuri kila mara. Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Waholanzi ilimruhusu Mfalme Chulalongkorn wa Siam (Thailand ya leo) kuondoka na shehena ya mikokoteni minane ya sanamu na michongo.

“Uislamu ulipoingia, hekalu likaachwa.”

Tarehe zinakataa. Kitovu cha utawala kilihamia Java Mashariki katika karne ya 10, wakati Uislamu ulitawala kisiwani karne kadhaa baadaye. Wengine huulaumu mlima wa volkano wa Merapi na majivu yake, jambo ambalo wataalamu bado wanabishania. Tena ukarabati mkubwa wa 1973 hadi 1983 uliendeshwa na serikali ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, pamoja na UNESCO. Adui aliyepigwa vita hapo alikuwa maji ya mvua, yaliyokuwa yakipenya kilimani na kuzisukuma kuta nje.

“Michongo ya chini ilifichwa kwa sababu ni ya aibu.”

Uvumi huu ni mtamu, ndiyo maana haufi. Mwaka 1885 Mholanzi J. W. Ijzerman aligundua kwamba nyuma ya ukingo mpana wa mawe chini ya hekalu kuna msingi mwingine wenye vibao 160 vya michongo. Kassian Cephas, mpigapicha wa Kijava, alivipiga picha vyote mwaka 1890 na 1891, kisha mawe yakarudishwa. Picha hizo zinaonyesha matendo na malipo yake: watu wanapika kasa na samaki, na kando yao wenye dhambi wanatokoswa chunguni. Hakuna la kumfanya mtawa afumbe macho. Hayo ndiyo mafunzo yenyewe.

Maelezo yenye uzito zaidi ni ya kihandisi: kilima kilielemewa, chini pakaanza kufumuka, ikabidi paongezwe mawe ya kushikilia. Baadhi ya vibao havikumalizwa, na juu ya vingine bado yapo maneno mafupi ya kumwelekeza fundi achonge nini. Inaonekana kazi ya kuziba iliwakuta patasi zikiwa mikononi. Kona ya kusini-mashariki imeachwa wazi, unaweza kujionea.

“Meli iliyochongwa pale inathibitisha kuwa Wajava walifika Afrika.”

Sisi wa pwani tunaipenda hii, kwa kuwa vyombo kadhaa ukutani vina matengo, yaani miti ya pembeni ya kuzuia chombo kisipinduke, kama ngalawa zetu. Mwaka 2003 meli iliyoundwa kwa kufuata mchongo huo iling'oa nanga Jakarta, ikapitia Madagaska na Cape Town, na mwaka 2004 ikatia nanga Accra. Safari hiyo ilionyesha kwamba chombo cha aina ile kingeweza kuvuka Bahari ya Hindi, basi. Ushahidi kwamba watu wa visiwa vile walivuka kweli uko kwingine: Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ni ndugu wa karibu wa lugha za Borneo.