Nani Hasa Alikuwa Mchoraji wa Maisha ya Kisasa?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Charles Baudelaire, mshairi na mhakiki wa Kifaransa, alipoandika makala yake mashuhuri kuhusu mchoraji wa maisha ya kisasa, alikuwa akimsifu mchoraji Édouard Manet. Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka: wawili hao walikuwa marafiki, na makala yenyewe ilitoka katika gazeti la Le Figaro mwishoni mwa 1863, mwaka uleule ambao picha ya Manet ya mwanamke aliye uchi, ameketi majanini pamoja na wanaume waliovaa makoti, iliwaudhi watu wa Paris.

Ukweli ni kwamba anayesifiwa humo ni Constantin Guys, ambaye mwenyewe aliomba jina lake lisitajwe, hivyo akabaki herufi moja tu, G. Guys alikuwa mchoraji wa magazeti, aliyewahi kulichorea gazeti moja la London matukio ya Vita vya Krimea. Kwa maelezo ya Baudelaire, mchana alizurura akitazama magari ya farasi, askari na mavazi ya wanawake, na usiku akayachora kwa kumbukumbu, mbiombio, kabla hayajamtoka akilini. Manet, ambaye watu walikaa mbele yake kwa saa nyingi ili awachore, alifanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Tena mwaka 1865, Manet alipolalamikia matusi aliyopata kwa ajili ya picha yake iitwayo Olympia, Baudelaire alimjibu kwamba yeye Manet ni wa kwanza tu katika uchakavu wa sanaa yake. Sifa ya namna hiyo, nadhani, wengi wangeikataa.

Wapo pia wanaodhani kwamba usasa wa Baudelaire ulimaanisha kuyatupa ya kale. La hasha: kwake mambo ya leo yanayopita upesi yalikuwa nusu ya sanaa, na nusu ya pili ni yale yasiyobadilika. Ndiyo maana tangu 1846 aliliona hata koti jeusi la mwanamume wa mjini kuwa na uzuri wake.

Husemwa vilevile kwamba mwaka 1874 wahakiki wote waliwakejeli Waimpreshonisti, kundi la wachoraji lililofanya maonyesho yake ya kwanza Paris mwaka huo. Louis Leroy aliwakejeli kweli, tarehe 25 Aprili, lakini siku nne baadaye Jules-Antoine Castagnary aliwaeleza kwa makini kuwa wachoraji wa hisia inayoletwa na mandhari, si wa mandhari yenyewe. Manet, anayedhaniwa kuwa kiongozi wao, hakupeleka picha hata moja katika maonyesho yao yote manane.