Hidrojeli yenye chembe za nano ni nini hasa

Ukipasua pampasi ya mtoto iliyolowa utakuta vipunje vimevimba vinateleza kama ute, vimebeba maji na hata ukiviminya maji hayatoki kirahisi, basi ile ndo hidrojeli. Ni wavu wa molekuli ndefu zilizoshikana, maji yanaingia yanakaa humo. Hospitalini si kitu kipya, wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím kule Chekoslovakia walitangaza jeli ya kutumika mwilini mwaka 1960, ndo zikaja lenzi laini za macho.

Sasa chukua kidonda cha mguu cha mwenye kisukari. Seli za kinga zikipigana na vijidudu zinamwaga kemikali kali za oksijeni kama haidrojeni peroksaidi, na zikiwa kiasi zinasaidia. Ila kwenye kidonda sugu zinabaki nyingi wiki hadi wiki, zinaunguza hata seli mpya zinazotaka kuziba nyama, yaani unabadilisha bandeji kila siku na kidonda kiko vilevile, inauma sana kumuona mzazi wako hivyo.

Antioksidanti ndo inazima zile kemikali. Vitamini C inaweza, lakini ikishatoa elektroni zake imemaliza kazi. Seriamu oksaidi, yaani metali ya seriamu iliyoungana na oksijeni, ikiwa kwenye chembe za nanomita chache, ndo chembe za nano zenyewe (unywele una unene wa nanomita kama 80,000 hivi), inatoa elektroni, inapokea, inarudi ilivyokuwa, inaanza upya, na mimi hapa ndo huwa nashangaa kila nikisoma. Manganizi dioksaidi nayo inavunja peroksaidi yanatoka maji na oksijeni, na kidonda kama hicho kina njaa ya oksijeni.

Kwanini chembe hizi zisipakwe tu zenyewe bila jeli? Zinagandana mabonge, zinasombwa na majimaji ya kidonda, na zikipenya kwenye damu, nyingi kati yake zinaishia kwenye ini na bandama. Jeli inazishikilia palepale zinatoka polepole huku kidonda kinabaki na unyevu. Jeli yenyewe inatengenezwa na jelatini, kitosani ya maganda ya kamba, hata karajinani ya mwani kama ule wa Zanzibar.

Msichanganye lakini, bandeji za hidrojeli za kawaida zinauzwa, hizi za seriamu bado zinajaribiwa zaidi kwenye panya maana kipimo kikikosewa, au sehemu ikiwa na asidi nyingi, chembe zilezile zinaweza kugeuka zikaanza kuzalisha kemikali zilizotakiwa kuzimwa.