Umakini darasani: maana yake, na kwa nini utulivu hauutoshelezi

Umakini darasani ni uwezo wa akili kuchagua jambo moja, kulishika na kuyaacha mengine yapite, mpaka jambo hilo lieleweke. Kukaa kimya hakumo katika maana hiyo. Mwanafunzi wa Tandahimba, kusini mwa Tanzania, anaweza kuketi wima, macho ubaoni, huku moyoni anakadiria kilo za korosho walizookota jana na mama yake. Mwalimu anayepima umakini kwa utulivu atamsifu huyo, kisha atamfokea yule aliyemnong'oneza mwenzake kuuliza jambo la somo lenyewe.

Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, aliwapa watu vipokea sauti vya masikioni, kila sikio likisikia maneno yake, akawataka wayarudie kwa sauti maneno ya sikio moja. Ya sikio la pili karibu yote yaliwapotea. Waligundua sauti ya kiume ilipogeuka ya kike, lakini maneno yenyewe hawakuweza kuyaeleza. Kwa hiyo mtoto anayesema "nilikuwa nasikia, mwalimu" huenda anasema kweli: sauti ilifika, maana haikufika.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi kwa shule zetu za kusini. Akili hushikilia habari kwa muda mfupi wakati inazifanyia kazi, na nafasi hiyo ni finyu. Watafiti wengi huikadiria kuwa ya vitu vitatu hadi vitano kwa mtu mzima. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huko Newala au Nachingwea. Nyumbani pengine anaongea Kimakonde au Kimwera, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, na leo biolojia inafundishwa kwa Kiingereza. Sentensi moja ya mwalimu inamlazimu ayashike maneno, atafute maana ya mawili asiyoyajua, aunge sentensi upya, ndipo aanze kuwaza kuhusu seli. Hapo mwalimu yuko sentensi ya tatu. Mtoto anachoka, anaanza kuchungulia dirishani, na sisi tunamwita mtoro wa akili. Amezidiwa mzigo, na kumkemea kunamwongezea mwingine.

Njaa, usingizi mfupi na joto la mchana hupunguza uwezo huohuo wa akili. Aliyeamka alfajiri kuteka maji, akatembea hadi shuleni bila uji, hawezi kulinganishwa na aliyelala na kula.

Mwalimu anaweza kupunguza mzigo huo. Aandike ubaoni maneno matano magumu na maana zake kabla hajaanza kufundisha. Kipindi cha dakika 40 akikate vipande: afundishe kidogo, awaambie wafunge madaftari, kila mmoja aandike anachokumbuka. Kunakili ubao mzima kunashughulisha mkono tu.

Mwanafunzi naye ajue kwamba akili kutangatanga humpata kila mtu. La muhimu ni kuigundua mapema na kuirudisha. Husaidia kuandika pembeni ya daftari swali moja analotaka lipate jibu kabla ya kengele. Lisipopata, amfuate mwalimu wake nje na amwulize kwa Kiswahili.