Bayi hakufyatuka: dhana potofu za mbio za kati ninazozisikia kila wiki

Jumamosi iliyopita, kwenye kiwanja cha nyasi hapa Arusha tunapowapima vijana wanaojiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mzazi mmoja alisimama kando ya mstari wa chokaa akampigia mwanawe kelele: "Fyatuka kama Bayi! Usimwangalie mtu!" Kijana akatii. Mita 400 za kwanza za mbio ya mita 1500 alizikimbia kwa sekunde 58, wenzake wakabaki nyuma kabisa. Mia nne ya pili ikamchukua sekunde 73. Kuanzia hapo mabega yalipanda hadi masikioni, mikono ikawa inakata mbele ya kifua, shingo imekakamaa. Alimaliza wa nne kwa dakika 4:34. Baba yake akanifuata: "Mwalimu, huyu pumzi ndiyo inamwangusha. Mwongezee mazoezi ya pumzi."

Pumzi ya yule kijana haina shida. Shida ni hadithi ya Filbert Bayi, Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500, ambayo tumekuwa tukiisimulia vibaya kwa miaka hamsini, na mkoa huu ndio tuliopaswa kuijua kuliko wengine wote.

Dhana: Filbert Bayi alitoka mbio tangu mwanzo, basi, akawachosha wazungu.

Hii ndiyo inayoniumiza, kwa sababu inamfanya mwanariadha mwenye akili kuliko wote tuliowahi kuwa naye aonekane mtu wa nguvu tu.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi, kijana wa Karatu mwenye miaka 20, alishika uongozi mapema na hakuuachia mpaka utepe. Muda: dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, ya mwaka 1967. Mpaka hapo kila mtu anaijua.

Sasa chukua kalamu. Mita 400 za kwanza alipita kwa sekunde 54.9. Mita 800 alipita kwa dakika 1:52.2, maana yake mia nne ya pili ilikuwa sekunde 57.3. Zikabaki mita 700, akazimaliza kwa karibu dakika 1:40. Ukizigawa kwa mizunguko, ni kama sekunde 57.1 kila mita 400. Soma tena: 57.3, halafu 57.1. Mtu "aliyefyatuka" anapata wapi nguvu ya kushikilia kasi ileile, tena kuipandisha kidogo, katika sehemu ya mbio ambayo miguu inageuka mawe?

Mzunguko wake wa kwanza ulikuwa wa kasi, sikatai. Lakini ulizidi wastani wa mbio yake nzima kwa sekunde 1.7 tu. Yule kijana wetu wa Jumamosi ana uwezo wa 4:20 hivi sasa, nimempima mara nyingi. Hiyo ni sekunde 69 na kidogo kwa mzunguko. Alipotoka na 58 hakumwiga Bayi. Alijizidi mwenyewe kwa sekunde 11. Kumwiga Bayi kungekuwa kutoka na 67 au 68, na hapo angekuwa wa tatu au wa nne kwenye kundi, na baba yake angekasirika.

Tena msisahau nani walikuwa nyuma yake. John Walker wa New Zealand, akiwa nyumbani kwao, alimaliza kwa 3:32.52, naye pia chini ya rekodi ya Ryun. Ben Jipcho wa Kenya, 3:33.16. Kati ya Bayi na Walker ni sehemu 36 za mia za sekunde. Angekosea hesabu kidogo tu katika mzunguko mmoja, leo tungekuwa tunalilia medali ya fedha. Na haikumjia usiku mmoja. Januari 1973 alimshinda Mkenya Kipchoge Keino kwenye Michezo ya Afrika, Lagos. Katikati ya mwaka huohuo alitangulia kwenye maili kule Stockholm na Jipcho akampita. Aliyeonekana Christchurch ni mtu aliyekwisha kulipa ada ya kukimbia mbele na kujua kipimo chake.

Rekodi ile ya dunia ilidumu hadi 1979 alipoivunja Sebastian Coe. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 Birmingham mwaka 2022. Nguvu bila akili haiachi alama ya namna hiyo.

Ninachowafanyisha vijana wangu, na nitaendelea hata wazazi wakilalamika kwamba ni mazoezi ya kitoto: mita 400 mara sita, saa ninayo mimi mfukoni. Kijana akivuka mstari anasema kwanza muda anaodhani amekimbia, ndipo namwonyesha. Wiki ya kwanza wanakosea kwa sekunde nne, tano. Baada ya miezi miwili wanakosea kwa nusu sekunde. Hapo ndipo mtu anaweza kuongoza mbio. Kabla ya hapo, akae ndani ya kundi.

Dhana: Kwenye mita 800 okoa nguvu mzunguko wa kwanza, uue wa pili.

Hii inatoka kwa watu wanaokimbia nusu marathoni, wanachukua sheria ya barabarani na kuileta uwanjani. Mita 800 za kasi, karibu zote, mzunguko wa pili ni wa polepole kuliko wa kwanza. David Rudisha wa Kenya, fainali ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012: mzunguko wa kwanza sekunde 49.28, wa pili 51.63, jumla 1:40.91, rekodi ya dunia mpaka leo. Naye aliongoza mwenyewe, hakuna aliyemvutia kasi. Nyuma yake Nijel Amos wa Botswana, aliyekuwa bado wa umri wa vijana, akakimbia 1:41.73, na wa mwisho katika fainali ile alimaliza kwa 1:43.77. Ukimwona mtu "anawapita wote" mita mia za mwisho, mara nyingi yeye hajaongeza kitu. Wenzake ndio wanapungua haraka kuliko yeye. Tofauti ya sekunde mbili kati ya mizunguko ni afya. Sekunde kumi na tano, kama za Jumamosi, ni ajali.

Dhana: Maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki, nenda ukakandwe uitoe.

Hapana. Laktiki inaondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya mbio, hasa ukitembea na kukimbia taratibu badala ya kulala chini. Maumivu ya kesho na keshokutwa yanatokana na michubuko midogo ndani ya misuli. Kukandwa kunapendeza, sikuzuii, ila hutoi asidi yoyote.

Dhana: Msichana akishazaa, mbio zimekwisha.

Mwaka jana nilipoteza binti mmoja wa mita 1500 kwa maneno haya. Alijifungua salama, alitaka kurudi, shangazi na mama wakakaa kikao wakaamua mwili wake "umeshafunguka". Nikawaambia habari za Faith Kipyegon wa Kenya: alijifungua mwaka 2018, mwaka 2019 akapata medali ya fedha ya mashindano ya dunia Doha, akashinda Olimpiki ya Tokyo kwa 3:53.11, akashinda tena Paris 2024 kwa 3:51.29, na mwaka 2025 huko Eugene akaiweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwenye 3:48.68. Rekodi zake zote za dunia ni za baada ya kuwa mama. Kurudi kunataka muda, chakula na daktari anayemwangalia, na kunataka mtu wa kumshikia mtoto asubuhi. Hilo la mwisho ndilo tulilolikosa.

Dhana: Mbio ni za watu wa milimani tu.

Kuishi juu kunasaidia, lakini Coe aliyeivunja rekodi ya Bayi alikulia Sheffield, Uingereza, mji usio juu sana kutoka usawa wa bahari. Wazazi wa Moshi mjini, leteni watoto.

Dhana: Bayi ndiye aliyeumia goti Mexico akamaliza akichechemea.

Huyo ni Mtanzania mwingine, John Stephen Akhwari, Olimpiki ya mwaka 1968, na ilikuwa marathoni. Bayi alikuwa na miaka 15.

Kuhusu kijana wa Jumamosi: Jumanne alikuja, bila baba yake. Mia nne ya kwanza aliniambia "sabini na mbili", saa ikasema 66. Ya sita alisema "sabini", saa ikasema 69.1. Alhamisi tunaendelea, saa 12 asubuhi, kabla jua halijashika.