Kuumwa mwili si kipimo cha mwalimu bora wa mazoezi

Wengi humpima mwalimu wa mazoezi kwa maumivu: ukishindwa kushuka ngazi kesho yake, basi huyo ndiye hodari. Sivyo. Maumivu hayo hutokea zaidi misuli inapofanya kazi ambayo haijaizoea, hasa inaporefuka huku imebeba uzito, kama unapochuchumaa taratibu. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Ukirudia zoezi lile lile kwa wiki kadhaa, maumivu hupungua sana ingawa nguvu zinaendelea kuongezeka. Kumuumiza mtu asiyezoea mazoezi ni kazi rahisi mno. Hata mimi naiweza.

Mwalimu anayekufaa huanza kwa maswali: umewahi kuumia wapi, unatumia dawa gani, shinikizo la damu likoje, unataka nini hasa. Huandika uzito na marudio ya kila kipindi, na goti likileta shida hubadilisha zoezi. Muulize kwa nini amekupa zoezi fulani. Akijibu “fanya tu”, tafuta mwingine. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai isiyo na maziwa baada ya mazoezi makali, usijisifu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.